Alex Xydias, muuza spea aliyetangaza duka lake kwa mbio

Tarehe 3 Machi 1946, siku ileile aliyoachishwa jeshi, Alex Xydias alifungua duka la spea za magari katika barabara ya Olive, mjini Burbank, upande wa kaskazini wa Los Angeles. Zilikuwa zimebaki siku 19 atimize miaka 24. Mtaji wake ulikuwa kiduchu na duka lenyewe dogo, lakini jina alilolipa lilikuwa kubwa: So-Cal Speed Shop, yaani duka la mwendo kasi la Kusini mwa California.

Duka la spea kwa wengi ni mahali pa kukimbilia gari linapoharibika. Wateja wa Alex walikuwa na haja nyingine. Magari yao yalikuwa mazima. Walichotaka ni yaende mbio kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Hawa ndio vijana wa hotrodi, watu waliochukua Ford kuukuu ya miaka ya 1920 au 1930, wakang'oa madigadi ya magurudumu, bampa, paa na kila kilichoongeza uzito, kisha wakaichimba injini mpaka itoe nguvu ambazo kiwandani hazikuwahi kuwazwa. Fundi alikuwa mwenye gari mwenyewe, na gereji ilikuwa uani kwa wazazi wake.

Alex aliwafahamu vijana hao kwa sababu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Los Angeles tarehe 22 Machi 1922. Baba yake, Anthony Xydias, alikuwa mtayarishaji wa filamu katika enzi ya sinema bubu, na kampuni yake ya Sunset Productions ilitoa filamu za wachunga ng'ombe na mashujaa wa mpakani. Mtoto hakuvutwa na kamera, walau si wakati huo. Moyo wake ulikuwa kwenye magari, na alikulia mahali ambapo moyo wa namna hiyo haukukosa chakula. California ya kusini ilikuwa na hali ya hewa kavu inayohifadhi mabati yasile kutu, yadi za vyuma chakavu zilizojaa Ford za bei rahisi, na mwendo wa saa chache kutoka mjini kulikuwa na jangwa la Mojave pamoja na maziwa yake makavu.

Maziwa hayo ndiyo yaliyoulea mchezo huu. Muroc, Rosamond, Harper na El Mirage ni mabonde ambayo mvua ya kipupwe huyajaza maji ya kina kifupi; maji yakikauka, hubaki sakafu ya udongo mgumu, tambarare, isiyo na mti wala jiwe kwa maili kadhaa. Tangu miaka ya 1920 vijana walikuwa wakitoka mjini usiku kwenda kulala huko ili waanze kukimbiza magari alfajiri, kabla upepo haujaamka na jua halijachemsha injini. Mwanzoni walikimbia wengi kwa pamoja, wakitimuliana vumbi usoni, na watu waliumia. Mwaka 1937 vilabu kadhaa viliungana kuunda chama kilichojulikana kwa herufi SCTA, kikaweka kanuni, saa za kupimia na ukaguzi wa magari. Kuanzia hapo sifa ya kijana haikutegemea tena majigambo ya kijiweni. Ilitegemea namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mpima saa.

Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani, Alex aliingia jeshi la anga na kuwa fundi wa ndege za kudondosha mabomu aina ya B-17. Petroli na matairi vilitolewa kwa mgao, Muroc ikachukuliwa na jeshi, na maziwa yakanyamaza. Hata hivyo kundi halikusambaratika. Mwanamke mmoja dereva wa mbio, Veda Orr, ambaye mumewe Karl alikuwa na duka la spea za mbio tangu kabla ya vita, aliendelea kuchapa jarida dogo la habari za chama na kulituma kwa vijana waliokuwa jeshini, popote walipokuwa. Wengi wao walirudi nyumbani wakiwa na mambo matatu kichwani: ufundi wa mitambo uliolipiwa na serikali, akiba kidogo ya mshahara, na hamu kubwa ya kurejea jangwani. Alex alikuwa amekwisha kulipata wazo la duka akiwa bado amevaa magwanda.

Ili kuelewa alichouza, lazima kwanza kuielewa injini iliyokuwa roho ya biashara yote. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65, katika gari ambalo mfanyakazi wa kawaida aliweza kulimudu. Kabla ya hapo V8 ilikuwa mali ya matajiri. Vali zake zilikaa ndani ya bloku kando ya silinda, kwa hiyo silinda hedi ilikuwa kifuniko bapa tu. Muundo huo ulikuwa rahisi kutengenezwa na mgumu kupumua: hewa iliingia kwa njia nyembamba zenye kona, na moshi wa moto ulipita katikati ya bloku kabla ya kutoka, ndiyo maana injini ilichemsha maji upesi. Kasoro hizo ndizo zilizompa muuza spea riziki. Kila mahali Ford ilipobana matumizi, palikuwa na kijana wa Los Angeles aliyekwisha buni kifaa cha kupalegeza.

Kaunta ya Alex ilikuwa na vifaa hivyo. Kulikuwa na manifoldi za Vic Edelbrock zilizobeba kabureta mbili au tatu mahali pa moja, na silinda hedi za aluminiamu zilizoongeza mbano na kupoza injini vizuri zaidi kuliko za chuma. Kulikuwa na kamshafti zilizochongwa upya ili vali zifunguke zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kazi ambayo Ed Winfield aliifungulia njia na Ed Iskenderian akaja kuifanya jina kubwa. Kulikuwa na ekzosi zilizowekewa bomba za kutoa moshi bila kuusonga. Mteja hakununua vyote kwa mkupuo. Alinunua kabureta mwezi huu, hedi mwezi ujao, na katikati alirudi mara kadhaa bila hela, kuuliza na kusikiliza. Muuzaji aliyewachoka watu wa namna hiyo hakudumu. Alex hakuwachoka, na wote waliomfahamu walimsifu kwa hilo: ustaarabu wake, subira yake, na sura ya mtu anayefurahi kweli kukuona ukiingia mlangoni.

Biashara ilianza kwa kusuasua. Haukupita muda mrefu akahamia barabara ya Victory, humohumo Burbank, katika jengo la kuunganishwa lililouzwa na kampuni ya Sears kama gereji ya magari mawili. Humo ndimo lilimokaa duka lililokuja kujulikana Marekani nzima. Alex alihitaji njia ya kulitangaza bila fedha za matangazo, na njia aliyoichagua ilikuwa ileile aliyoipenda tangu ujana: kukimbia. Gari likishinda huku limeandikwa jina la duka ubavuni, kila mtu jangwani angejua spea zilikotoka.

Gari alilolitengeneza lilianzia angani. Ndege ya kivita P-38, iliyotoka katika kiwanda cha Lockheed hapohapo Burbank, ilibeba chini ya mabawa matangi ya ziada ya mafuta yenye umbo la tone la maji, ambayo rubani aliyaangusha yakiisha. Bill Burke, mkimbiaji wa maziwa makavu aliyekuwa vitani Pasifiki ya Kusini, aliyaona matangi ya aina hiyo na kuwaza kwamba chombo kilichoumbwa kukata hewa chini ya ndege kingeikata pia juu ya ardhi. Vita vilipokwisha, matangi yakajaa kwenye maduka ya mali za jeshi kwa bei ya kutupwa. Burke alijenga gari la kwanza la namna hiyo mwaka 1946, na baada yake akatumia tangi kubwa zaidi la P-38, dereva akikaa mbele na injini nyuma yake.

Alex aliufuata mpango huo. Ndani ya tangi lake aliweka V8 ndogo ya Ford, ile ya lita 2.2 iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 60 tu, injini ambayo wengi waliidharau. Mwaka 1948 gari hilo lilipita maili 130 kwa saa, yaani kilomita 209. Ni vigumu kupata tangazo zuri kuliko hilo. Kama duka hili linaweza kuitoa kasi hiyo kwenye injini dhaifu kabisa ya Ford, mteja mwenye injini kubwa alijua aelekee wapi.

Mwaka uliofuata mchezo ulipata uwanja mkubwa zaidi. Tambarare za chumvi za Bonneville, katika jimbo la Utah, zilikuwa zimetumiwa na Waingereza matajiri kama Malcolm Campbell, George Eyston na John Cobb kuvunja rekodi za dunia kwa magari yenye injini za ndege. Wally Parks wa SCTA, Robert Petersen wa jarida jipya la Hot Rod na Lee Ryan walikwenda Salt Lake City kuomba vijana wa California nao waruhusiwe. Wakakubaliwa, na mashindano ya kwanza yakafanyika Agosti 1949.

Kwa ajili ya Bonneville, Alex aliungana na Dean Batchelor, kijana aliyekuwa ndani ya B-17 vitani hadi akatekwa na Wajerumani, na ambaye baadaye alikuwa mhariri wa jarida la Road & Track. Batchelor alichora bodi ndefu na ya chini iliyofunika kila kitu, hata magurudumu, ikikumbusha magari ya rekodi ya Auto Union ya Ujerumani ya kabla ya vita. Mafundi wa gereji ya Valley Custom, Burbank, wakaifua kwa mkono kutoka bati la aluminiamu. Chini yake kulikuwa na chasisi na mitambo iliyotoka kwenye gari la tangi.

Walianza na ile V8 ndogo, wakaweka rekodi ya daraja lake. Kisha wakaing'oa na kuweka injini ya Mercury, ndugu mkubwa wa V8 ya Ford, iliyoandaliwa kwa Edelbrock na fundi wake Bobby Meeks. Batchelor akakaa usukani, akafikisha maili 193.54 kwa saa, sawa na kilomita 311. Hakuna gari jingine lililomkaribia wiki hiyo. Mwaka 1950 walirudi na gari hilohilo, likapita maili 210, kilomita 338 kwa saa, na wastani wa kwenda na kurudi ukawa maili 208. Ndilo gari la kwanza la hotrodi kuvuka maili 200.

Namba hizo zinastahili kuzingatiwa. Mwaka 1950 viwanda vya Detroit vilikuwa na maelfu ya wahandisi, maabara na njia zao za majaribio, na hakuna gari lao la kuuzwa lililofikia hata nusu ya mwendo huo bila kutokwa jasho. Hawa wa Burbank walikuwa na duka la spea, gereji ya kunyoosha bodi na injini ambayo msingi wake ulibuniwa mwaka 1932. Gari walilifikisha Utah kwa kulivuta barabarani, na injini waliibadilisha wenyewe. Waliojiona wataalamu wa magari walilazimika kuwatazama upya vijana waliokuwa wakiitwa wahuni.

Na kweli waliitwa wahuni. Magazeti ya miaka hiyo yalilitumia jina la hotrodi kwa kila kijana aliyeendesha ovyo barabarani, na polisi hawakuwa na muda wa kuchambua nani ni nani. Jarida la Hot Rod, lililoanza Januari 1948, na chama cha NHRA, kilichoundwa na Wally Parks mwaka 1951, vilipigania kuuondoa mchezo barabarani na kuupeleka kwenye viwanja vyenye kanuni. Mfano wa Alex ulisaidia sana. Timu yake ilivaa nadhifu, magari yake yalipakwa rangi nyeupe na nyekundu yenye herufi zilizochorwa kwa ustadi, na yeye mwenyewe alizungumza na kila mtu kwa adabu. Mzazi aliyeogopa mambo ya hotrodi angemwona Alex akabaki bila hoja.

Gari la Batchelor liliharibika kwa ajali huko Daytona, Florida, mwaka 1951. Alex hakukata tamaa. Alirudi kwenye tangi. Mwaka 1952, Bonneville, alileta gari jipya la tangi la P-38 na injini tatu za ukubwa tofauti, akawa anazibadilisha papo hapo kwenye chumvi. Kwa injini ndogo gari lilifika maili 145 kwa saa, kwa ya kati 181, na kwa kubwa 198, kila moja ikiwa rekodi katika daraja lake. Gari moja likawa limejibu maswali ya wateja wa aina tatu.

Miaka hiyohiyo ile damu ya baba ilianza kujitokeza. Alex alinunua kamera, akaanza kupiga filamu za Bonneville, Indianapolis, Sebring, Pikes Peak na mashindano mengine, ili wapenzi wa magari wasioweza kusafiri waone kwa macho yao. Kabla ya televisheni kuupenda mchezo wa magari, filamu hizo zilionyeshwa kwenye vilabu na kumbi ndogo. Leo ni hazina: nyuso, sauti za injini na magari ambayo mengi yake yameshakatwakatwa na kuuzwa vyuma chakavu.

Duka lenyewe halikuweza kushindana na wakati. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa V8 ya vali za juu, nyepesi, ya bei nafuu, yenye nguvu za farasi 162 hata kabla ya kuguswa na fundi. Ford ya vali za pembeni, iliyolisha kizazi kizima cha maduka ya spea, ikawa ya jana. Detroit nayo ikagundua kwamba mwendo kasi unauzika, ikaanza kuuza dukani kile ambacho zamani kijana alikitengeneza mwenyewe uani. Wauzaji wa spea wakaongezeka, bei zikashuka, faida ikakonda. Mwaka 1961 Alex alifunga So-Cal Speed Shop.

Wengine wangekaa kulalama. Alex aliajiriwa katika kampuni ya majarida ya Petersen, akawa mhariri wa Car Craft mwaka 1963, kisha akafanya kazi katika Hot Rod Industry News, jarida la wenye viwanda na maduka. Hapo uzoefu wa kaunta ulimfaa kuliko rekodi zote za Bonneville. Alijua muuzaji anahitaji nini, mtengenezaji anakosea wapi, na mteja anachukia nini. Alishiriki kukuza maonyesho ya spea za mbio yaliyoanza mwaka 1967 katika uwanja wa Dodger, Los Angeles, chini ya chama cha SEMA, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Ed Iskenderian yule wa kamshafti. Maonyesho hayo leo hufanyika Las Vegas kila mwaka na ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani katika biashara ya spea. Baadaye Alex alifanya kazi na dereva wa mbio Mickey Thompson katika maonyesho ya magari ya nyikani, mpaka akastaafu.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, mzee amepumzika na duka limesahauliwa. Lakini Pete Chapouris, fundi aliyejulikana kwa kampuni ya Pete & Jake's na kwa Ford ya 1934 iliyoonekana katika filamu ya televisheni ya The California Kid ya mwaka 1974, alimwomba Alex ruhusa ya kulifufua jina. Mwaka 1997 So-Cal Speed Shop ilifunguliwa tena, safari hii Pomona. Rangi zilikuwa zilezile, nyeupe na nyekundu. Gari la tangi lilipatikana, likakarabatiwa kwa ajili ya mkusanyaji Bruce Meyer, na watu waliozaliwa muda mrefu baada ya rekodi zake wakasimama kwenye foleni kulipiga picha. Mwaka huohuo wa 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambako mabwana wakubwa hupeleka magari ya kifahari ya Ulaya, yalifungua daraja la hotrodi kwa mara ya kwanza. Mchezo wa vijana wa jangwani ukawa umekubaliwa sebuleni.

Alex akawa mzee anayealikwa kila mahali. Alikaa kwenye meza za kutia saini, akajibu maswali yaleyale kwa subira ileile ya Burbank, akiwataja kila mara Batchelor, Edelbrock, Meeks na Burke kabla ya kujitaja yeye. Alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 102.

Katika historia ya magari ya Marekani wapo waliokwenda kasi zaidi yake, na wapo waliotajirika zaidi kwa kuuza spea. Wachache mno waliunganisha mambo hayo mawili na kubaki wakipendwa na wateja, wapinzani na mafundi kwa karibu miaka 80. Mjini Pomona, katika viwanja vya maonyesho vya Fairplex, kulianzishwa kituo chenye jina lake cha kuwafundisha vijana ufundi wa magari: kuchomelea, kufua bati, kuunda injini na kupaka rangi. Kwa mtu aliyetumia maisha yake nyuma ya kaunta akiwaelekeza vijana wasio na hela, hakuna kumbukumbu iliyomstahili zaidi ya hiyo.